Kangara ya Nyanya, Misokoto ya Mjomba

Mjomba wangu alipandishwa kizimbani Jumatatu moja mwaka wa 2013, akiwa na shati lile lile aliloshikwa nalo Ijumaa jioni. Karani alisoma mashtaka mbio mbio, kama mtu aliye na rundo la faili na saa sita inakaribia: kwamba katika mtaa wa Kangemi, kaunti ya Nairobi, mshtakiwa alipatikana na dawa ya kulevya, yaani bhangi, misokoto mitatu, kinyume cha sheria. Hakimu akauliza kama mashtaka ni kweli. Mjomba akaangalia sakafu.

"Ni kweli, mheshimiwa."

Miezi sita. Tangu jina lake kuitwa hadi kurudishwa seli hazikufika dakika nne. Najua kwa sababu nilikuwa naangalia saa kwenye simu. Nilikuwa na mtihani chuoni mchana huo. Nyanya alikuwa ameketi kando yangu, kibeti mapajani, na ndani ya kibeti mlikuwa na shilingi elfu nne za faini ambayo hakuna aliyeiitisha. Tulipotoka nje aliketi kwenye kiukuta cha maua, akavua kiatu kimoja, akakung'uta kokoto ambayo mimi sikuiona, kisha akaniuliza swali ambalo sijaliacha mpaka leo.

"Mimi nimepika chang'aa miaka kumi na tisa. Sasa redio inasema chang'aa ni halali. Na huyu mtoto anafungwa kwa majani. Wewe umesoma. Hiyo orodha ya vitu vibaya, nani huwa anaiandika?"

Usidhani nyanya alikuwa anatetea bhangi. Aliichukia kabisa, na aliwahi kumtandika mjomba kwa mwiko kwa ajili yake mjomba akiwa na miaka thelathini na kitu. Alichotaka ni hesabu tu. Yeye alikuwa mhalifu miaka yote hiyo, halafu siku moja kitu alichokuwa akipika kikaacha kuwa uhalifu, bila hicho kitu chenyewe kubadilika hata kidogo. Nilimwambia nitatafuta. Nilidhani nitapata jibu kwa wiki moja, na jibu lenyewe litatoka hospitalini: kwamba mahali fulani kulikaa madaktari, wakapima kila kitu, wakakipanga kuanzia kibaya sana hadi kibaya kidogo.

Nilianzia katikati ya jiji, Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Ukitaka kuelewa orodha ya serikali, usiingie haraka. Simama kwanza nje. Pale kwenye vibao vya kukalia utawaona vijana wadogo, wengine hawajafika miaka kumi na mbili, kila mmoja na chupa ya plastiki imening'inia mdomoni kama chuchu. Ndani ni gundi ya viatu. Inanunuliwa kwa fundi, kipimo kidogo kwa pesa kidogo. Mvuke wake una toluini, ambayo hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache, hukata njaa na baridi, na ikitumiwa miaka na miaka hula utando unaofunika neva, hadi mtoto anatembea kama mzee na maneno yanamkwama. Mara nyingine moyo unapiga ovyo na kusimama hapo hapo, hata kwa anayevuta mara ya kwanza. Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 ina majedwali marefu ya majina ya kemikali. Gundi haimo. Siwezi kusema iwekwe, maana fundi viatu wa Nyamakima atafungwa na mtoto atahamia kitu kingine. Nasema tu kwamba nilimpita mtoto mwenye chupa nikiingia kusoma kuhusu misokoto mitatu, na nikampita tena nikitoka.

Kabla sijafika mbali na makaratasi, acha nieleze nyanya alipika nini, kwa sababu kizazi chetu kikisikia nyanya alipika kinafikiria chapati.

Unaanza na kangara. Unga wa mahindi, kimea cha wimbi, sukari guru na maji, ndani ya pipa, siku kadhaa. Inachemka yenyewe bila moto, na harufu yake ni kama mkate uliokasirika. Ikishatulia inapelekwa kwenye moto, mvuke unapita kwenye mfereji uliozungushiwa maji baridi, na upande wa pili kinadondoka kitu cheupe kama maji, tone kwa tone. Nyanya alikuwa anawasha kiberiti kwenye kijiko. Mwali ukiwa wa buluu na mtulivu, anatikisa kichwa. Alikuwa mama pima: anapima kwa glasi, unakunywa hapo hapo, unarudisha glasi. Wateja walikuwa watu wa mjengo, mabawabu na watunza bustani waliokuwa wakirudi jioni kwa miguu kutoka Lavington na Westlands. Alianza mwaka wa 1981, babu alipopoteza kazi, na kwa glasi hizo mama yangu alimaliza kidato cha nne. Mjomba aliacha shule darasa la saba kwa hiari yake, hilo si kosa la pombe.

Ona sasa mwaka wenyewe. Mwaka mmoja tu kabla nyanya hajaweka pipa lake la kwanza, Bunge, umbali wa matatu moja kutoka Kangemi, lilikuwa limepitisha sheria maalumu ya kupiga marufuku chang'aa. Sheria ya 1980. Kinywaji kimoja, sheria nzima. Kwa hiyo nyanya hakuwahi kupika hata siku moja akiwa halali. Aliposhikwa alilipa. Asiposhikwa alilipa pia, kila Ijumaa, kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kushuka pikipiki. Alikuwa akiita pesa hizo "ada," kama ya shule.

Lakini 1980 haikuwa mwanzo. Mwanzo uko Kibera, na uko kwa wanawake.

Waingereza walipowapa wanajeshi wao Wanubi ardhi ya msitu kusini magharibi mwa mji, mwanzoni mwa karne iliyopita, wanawake wa kambi ile walikuja na ujuzi wa kutonesha pombe kali. Mji ulikuwa mchanga, reli ilikuwa imefika 1899 tu, na ulijaa wanaume waliokuja kufanya kazi bila familia. Soko lilikuwa tayari. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 jini ya Wanubi ilikuwa inajulikana Nairobi nzima, na maofisa walikuwa wanailalamikia kila wakati walipojadili kama watu wa Kibera wahamishwe. Nyanya hakujua hili. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa. Alidhani chang'aa ilitoka kwao magharibi ikaja na basi.

Kwa nini walikatazwa? Hapa ndipo nilipotegemea kumpata daktari, na sikumpata. Nilipata mikataba. Mwaka wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kuafikiana, pamoja na mambo ya biashara ya watumwa, kwamba pombe kali isiingizwe wala kutengenezwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka wa 1919 wakarudia huko Saint-Germain. Lugha ilikuwa ya kumlinda mwenyeji. Kwa miongo mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kununua wiski. Jirani yake Mzungu aliruhusiwa wiski ile ile, chupa ile ile, ini la aina ile ile. Sasa mimi si daktari, lakini sijawahi kusikia ini linalouliza kipande.

Halafu soma kinachofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, manispaa ya Nairobi iliyokuwa ikiwashika wanawake wa Pumwani kwa kupika pombe nyumbani ilifungua ukumbi wake wa pombe hapo hapo Pumwani. Pombe ya Kiafrika, iliyopikwa kwa amri ya mji, ikiuzwa na mji, faida ikienda kwenye mfuko wa kulipia huduma za Waafrika. Maana yake, mlevi alilipia choo chake mwenyewe. Na Desemba 1922, dakika tano kwa miguu kutoka pale Nyaraka, kreti za kwanza za bia ya Kenya Breweries zilifikishwa hoteli ya Stanley. Mji mmoja, miaka ile ile. Mwanamke wa Pumwani akipika ni mashtaka, manispaa ikipika ni mapato, na bia ya mzungu ikitengenezwa ni maendeleo. Hakuna aliyebadilisha kemia. Kilichobadilika ni nani anashika kijiko.

Nilimpigia nyanya simu nikiwa ngazini. "Ni pesa," nikamwambia. "Si afya, ni pesa na ni kutaka kujua watu wako wapi usiku." Akasema, "Hiyo hata mimi ningekuambia. Rudi utafute."

Aliniambia nirudi kwa sababu alijua kitu ambacho mimi, kwa furaha ya kugundua, nilikuwa nimeanza kukisahau: kwamba chang'aa inaua. Yeye hakuacha kupika kwa sababu ya askari. Aliacha Novemba 2000.

Wiki ile, upande wa pili wa jiji, Mukuru, watu walikunywa kitu kilichoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi ilikuwa shilingi kumi. Zaidi ya watu 130 walikufa. Mamia walipelekwa hospitali, na baadhi yao walirudi nyumbani wakishikwa mkono kwa sababu hawaoni tena. Ilikuwa na methanoli. Kangara ya kawaida, ikitoneshwa kutoka kwa nafaka, huwa na methanoli kidogo sana. Sumu huingia mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili apate lita nyingi kwa pesa kidogo. Ladha haisemi chochote. Unalewa kama kawaida, unalala. Ndani yako ini linageuza methanoli kuwa fomaldehidi, kisha asidi ya fomiki, ile ile inayopatikana kwenye baadhi ya sisimizi, na asidi hiyo inashambulia neva ya macho. Kesho yake unaamka na dunia imejaa ukungu mweupe. Nitakwambia jambo moja ambalo lilinishangaza kuliko yote: mojawapo ya tiba hospitalini ni pombe ya kawaida, ile ya ethanoli, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ini hupendelea kushughulikia hiyo kwanza na kuiacha methanoli itoke na mkojo. Lakini lazima ufike mapema. Na mtu aliyekunywa kitu haramu hafiki mapema, maana anaogopa kusema amekunywa nini.

Nyanya alisikia habari kwenye redio akiwa anapepeta wimbi. Alikuwa hajawahi kuongeza chochote kwenye pipa lake, hilo namwamini. Lakini alikuwa ameanza kununua kutoka kwa mtu mwingine wikendi ikiwa yake imeisha, na hakujua huyo mtu anaongeza nini. Aliketi akawahesabu wateja wake kwa majina. Jioni alimwaga pipa lote mtaroni. Mtaro ulinuka siku tatu, na mmoja wa wateja, bawabu mzee, alikuja akasimama pale akiangalia kama mtu aliyefiwa.

Kwa hiyo tafadhali, nisieleweke kwamba ninasema marufuku ni njama na pombe ni haki yetu. Marufuku ya 1980 ilikuwepo miaka ishirini mizima kabla ya Mukuru, na haikumzuia hata mmoja kunywa. Ilichofanya ni kumwondoa kila mtu ambaye angeweza kupima kilichomo kwenye glasi. Mkaguzi wa afya hawezi kukagua kitu ambacho hakipo kisheria. Askari anaweza kukimwaga au kukichukulia ada, basi. Miaka mitano baadaye ikawa Machakos, watu takriban hamsini. Na kadhalika, na kadhalika, kila baada ya miaka michache, mpaka Kirinyaga mwanzoni mwa 2024.

Mwaka wa 2010 ndipo redio ya nyanya ilipotangaza. Mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho, alikuwa amefikisha Bungeni sheria ya kudhibiti vileo, ile ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa saa za baa tu: kumi na moja jioni hadi tano usiku siku za kazi. Ndani yake sheria ya chang'aa ya 1980 ilifutwa. Chang'aa ikawa halali, mradi uwe na leseni, uifunge kwenye chupa isiyopungua mililita 250, na uibandike onyo la afya. Wazo halikuwa baya. Kitu kikiwa mwangani unaweza kukipima. Lakini fikiria mama pima wa Kangemi mwenye pipa moja na glasi kumi na mbili, atoe wapi mtambo, leseni, lebo na maabara? Halali ilikuja, ikampita, ikaenda kwa wenye kiwanda. Viwanda navyo vilijaza maduka yetu chupa ndogo ndogo za spiriti ya bei ya chini zenye majina ya kifahari. Mwaka wa 2015 serikali ikazivamia. Mwaka wa 2024 ikazivamia tena.

Mfano mwingine wa haraka, kwa wale wanaodhani bei haina sauti. Kampuni ya bia ilipoleta keg mwaka wa 2004, serikali iliiondolea ushuru, kwa hoja kwamba maskini apate kitu cha bei nafuu lakini salama. Mwaka wa 2013 nafuu hiyo ikakatwa nusu. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Unadhani watu waliacha kunywa? Mwaka uliofuata, Mei, zaidi ya watu themanini walikufa kwa pombe yenye sumu katika kaunti kadhaa. Siwezi kukuapia kwamba moja lilizaa lingine. Ninaziweka tu tarehe kando kwa kando, uziangalie.

Sasa turudi kwa misokoto, maana mjomba bado yuko ndani.

Bhangi iliwekwa kwenye sheria za hapa mwaka wa 1914, wakati nchi ingali inaitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na sheria yenyewe ilikuwa na afyuni kwenye jina. Jina tu linakuonyesha: ulimwengu ulikuwa unajadili afyuni ya China na India, na mmea wetu ukavutwa kwenye wavu huo huo. Kinachouma ni kwamba ofisi za Uingereza zilikuwa tayari na utafiti wa bhangi kabatini. Miaka ishirini kabla, mwaka wa 1894, tume waliyoiunda wenyewe India ilimaliza kuhoji zaidi ya mashahidi elfu moja na kutoa ripoti ya mabuku kadhaa. Ilisema utumizi wa kiasi hauna madhara makubwa, utumizi wa kupindukia una madhara, na kupiga marufuku kabisa hakufai. Ndiyo hayo. Daktari niliyekuwa nikimtafuta alikuwepo, aliandika, na hakusikizwa.

Mwaka wa 1925 bhangi ikaingia mkataba wa Geneva, kwa kushinikizwa na Misri. Mwaka wa 1961 Umoja wa Mataifa ukaiweka kwenye jedwali kali kuliko yote, pamoja na heroini. Kenya huru ikaurithi mpangilio huo, na baada ya mkataba mwingine wa 1988 ikaja sheria yetu ya 1994. Chini yake, ukipatikana na bhangi ukamridhisha hakimu kwamba ilikuwa ya kuvuta mwenyewe, kifungo kiliweza kufika miaka kumi. Mjomba alipopewa miezi sita, wakili mmoja aliyekuwa akipita kwenye korido alituambia tushukuru Mungu.

Bhangi si dawa ya kikohozi, hata kama rafiki yako wa Ngong Road anasema hivyo. Kati ya watu kumi wanaoivuta, takriban mmoja hushindwa kuiacha. Ubongo unaendelea kujengwa hadi miaka ya ishirini na kitu, na anayeanza akiwa na kumi na nne anacheza na mjengo usiokauka. Kwa baadhi, hasa wenye ugonjwa wa akili kwenye ukoo, inaweza kufungua mlango wa kusikia sauti, na mlango huo haufungiki kirahisi. Nina classmate ambaye tulimpeleka hospitali akiwa anaongea na soketi ya ukutani. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba sijawahi kusikia mtaa mzima ukizikwa wiki moja kwa sababu ya bhangi.

Na ni kweli kwamba mimi niliivuta chuoni. Ilikuwa Lavington, kwenye balconi ya nyumba ya mzazi wa mtu, ng'ambo ya James Gichuru Road ukitokea Kawangware. Tulikuwa sita. Bawabu alifungua geti, akasalimia, akafunga geti. Kutoka balconi ile ukitembea robo saa tu unafika Kawangware, ambako kijana akikaa kwenye jiwe na mikono mifukoni anaambiwa asimame apekuliwe. Mimea ilikuwa ile ile, pengine hata muuzaji alikuwa yule yule. Sikuwahi kumwambia mjomba.

Mwaka wa 2018 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alimwandikia Spika akitaka kuleta mswada wa kuhalalisha na kudhibiti bhangi. Watu walicheka, wakatengeneza meme. Wachache walisoma sehemu ambayo mimi niliisoma mara tatu: alitaka pia waliofungwa kwa kupatikana nayo wasamehewe na rekodi zao zifutwe. Okoth alikuwa mgonjwa wa saratani, na akafariki Julai 2019. Mswada ulizikwa naye. Mwaka wa 2021 Marastafari walikwenda Mahakama Kuu kudai kuivuta kama ibada. Desemba 2020, kule Vienna, tume ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imepiga kura kuiondoa bhangi kwenye lile jedwali la heroini: 27 ndiyo, 25 hapana, mmoja hakupiga. Kenya ilikuwa kwenye 25. Halafu mwaka wa 2022 Bunge letu likarekebisha sheria ya 1994, na adhabu ya mvutaji ikashuka: kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi laki moja.

Au faini. Neno "au" lilikuja miaka tisa baada ya nyanya kukaa kortini na elfu nne kwenye kibeti. Nilipomweleza alikuwa kitandani tayari, mwaka wake wa mwisho. Aliniuliza miraa je? Nikamwambia miraa ni zao la biashara hapa na ni uhalifu Uingereza tangu 2014, ingawa washauri wa serikali yao wenyewe walisema isipigwe marufuku. Akafunga macho nikadhani amelala. "Kwa hiyo anayeandika orodha," akasema, "ni mtu ambaye hajashikwa."

Alizikwa kabla ya ule mzozo wa muguka wa Mei 2024, kaunti za pwani zikiipiga marufuku na mahakama ikisimamisha. Angeufurahia sana.

Mjomba alitoka baada ya miezi minne, kwa tabia njema. Bhangi aliiacha kule ndani, kwa sababu, anasema, bei yake ndani ilikuwa ya wizi. Alitoka na kikohozi na rekodi. Kampuni ya ulinzi iliyokuwa imemwahidi kazi ilitaka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, kile cha alama za vidole, na cheti kilirudi na misokoto mitatu ndani yake. Amefanya mjengo tangu wakati huo, magorofa ya Westlands, ambako hakuna anayeitisha karatasi. Jioni anakunywa zile chupa ndogo za dukani. Ni halali, zina lebo, zina onyo la afya. Mwaka wa 2019 macho yake yaligeuka manjano nikampeleka hospitali, na daktari kijana akatuonyesha kwenye skrini ini lenye makovu. Akamuuliza kama amewahi kutumia dawa za kulevya.

"Bhangi, zamani," mjomba akajibu.

Daktari akaandika hiyo.

Jumamosi iliyopita nilipita kwake Kangemi. Amepunguza, anasema, na kwa kweli mikono haikuwa inatetemeka. Ana hamsini na moja. Kuna ploti mpya karibu na barabara kuu inayotafuta bawabu wa usiku, kazi ya kukaa, ya mtu ambaye mgongo umechoka kubeba simiti. Wanataka cheti. Aliniomba nifungue eCitizen kwa simu yangu tuangalie kama siku hizi, kwa hii sheria mpya, rekodi ya zamani inaweza kuwa imetoka. Tulijaza jina, namba ya kitambulisho, tukafika pale pa kulipa: shilingi 1,050. Aliangalia skrini kwa muda.

"Na ikirudi vile vile?"

Nilimwambia sijui, mjomba. Akaniambia basi niache hivyo, tusifunge hiyo ukurasa, tutajaribu mwisho wa mwezi.